Bomba Halipindi kwa Kutu

Tarehe 4 Februari 1991

Kwa Mkereza, binti yangu,

Mimi mzima, mama yako mzima, pikipiki ndiyo mgonjwa. Salamu zimekwisha, sasa kazi.

Kondakta wa basi la asubuhi atakushushia gunia. Ndani mna mabomba mawili ya shokapu za mbele, nimeyafunga kwa mpira wa tairi yasigongane njiani. Usishangae gunia kunuka oili, ndio ugonjwa wenyewe huo. Oili inatiririka mpaka kwenye breki. Kromu imeliwa na kutu, ukipitisha kucha inakwama kama kwenye gome la mti. Nimebadilisha sili za kuzuia oili mara mbili mwaka uliopita na mara mbili zimechanika, na hata mjinga anajua kwamba sili mpya juu ya bomba bovu ni kumpaka chura wanja.

Nataka hivi. Kwanza, kama huko kiwandani kwenu mna chuma cha kufaa, nikerezee mabomba mapya, urefu uleule, unene uleule, usinipunguzie hata unywele. Kama hakuna, yakwangue hayo uyapake kromu upya. Pili, nikerezee vijibomba viwili vya kuweka ndani kabisa chini, urefu wa vidole viwili, vidole vyangu si vyako, ili pikipiki ikae chini kidogo upande wa mbele. Springi nitakata mwenyewe. Nyuma nimeshaishusha. Usiniulize kwa nini.

Wala usifikiri nimeanguka. Sijaanguka. Miaka thelathini na nne juu ya pikipiki ile, nimeteremka nayo miteremko ambayo mbuzi anateremka kwa makalio, haijanitupa. Mashamba kumi na moja pampu zao za maji ziko mkononi mwangu na wote wananisubiri. Ya mwenye bustani ya kabichi inakoroma wiki ya pili sasa. Alijaribu kumwita fundi mwingine, mwenye cheti, akaifungua, akaifunga, akabakiwa na nati tatu mkononi. Akauliza, hizi za wapi? Ndipo wakanikumbuka.

Mama yako anapumzika kidogo siku hizi. Hana neno.

Fanya haraka.

Ni mimi Baba yako,
Fundi wa Mafundi, asiye na cheti kwa kuwa hakuna wa kumtahini


Tarehe 12 Februari 1991

Shikamoo Baba,

Gunia limefika. Kondakta amelalamika limemchafulia suruali. Nimemwomba radhi kwa niaba yako, maana najua wewe hukumwomba.

Herufi zako zimekuwa kubwa kama za ubao wa duka, na mistari inapanda kama ngazi. Ni kalamu gani hiyo?

Mabomba nimeyaosha kwa mafuta ya taa. Hapa tuna kioo kinene cha dirisha tumekilaza juu ya meza, na kabla ya kukereza chochote tunakiviringisha hapo kwanza. Bomba lililonyooka hukimbia kimya. La kulia lilikwenda likipiga ko, ko, ko, kama kiatu chenye msumari. La kushoto vilevile. Nikaweka tochi upande wa pili, mwanga ukapita chini ya bomba hadi kwangu. Yote mawili yamepinda, mahali pamoja, pale yanapotokea chini ya kishikio cha usukani, na yote yamepinda kuelekea nyuma.

Baba, kutu hula, haipindi. Bomba hupinda hivyo gurudumu la mbele likigonga kitu kilichokataa kusogea.

Uligonga nini? Lini? Mama alikuwa nyuma yako? Na huku "kupumzika" kwake ni kupi? Mama ninayemjua mimi akiwa na homa ndiyo kwanza anafua mapazia. Na vile vijibomba vya kushushia pikipiki ni vya nini? Wewe mrefu, magoti yako yamekunjika kwenye pikipiki hiyo tangu ikiwa mpya. Ukiishusha tena si utaendesha umekaa kama panzi?

Mabomba ninayo. Sitayagusa mpaka unijibu.

Binti yako,
Mkereza


Tarehe 19 Februari 1991

Kwa Mkereza,

Nilikutumia kazi, umenirudishia maswali saba. Nimeyahesabu. Siku hizi mnafundishwa kukereza au upolisi?

Kalamu ni ya seremala na meza yangu ni tangi la mafuta, ndiyo maana mistari inapanda. Tangi lina mgongo.

Haya. Kulikuwa na jambo dogo, mwishoni mwa mwezi wa kwanza. Gurudumu liligusa nguzo ya geti la mwenye bustani. Liligusa, sikusema liligonga. Nguzo yenyewe imejengwa vibaya, imetokeza njiani kama tumbo la mwenye nyumba, nilimwambia tangu anachanganya saruji. Na bomba kama lingekuwa zima lisingepinda kwa mguso huo, kutu ndiyo ililidhoofisha. Kwa hiyo nilisema kweli, ni kutu.

Kuhusu mama yako. Hakuwa nyuma yangu. Naapa kwa mikono hii inayonilisha, siku ile mama yako hakuwa nyuma yangu. Umesikia? Kama ni hilo lililokunyima usingizi, lala.

Kuhusu kuishusha pikipiki, mimi mzee, na mzee anapenda ardhi iwe karibu.

Sasa kereza. Mwenye bustani anamwagilia kabichi kwa ndoo, nasikia wake zake wamegoma. Juzi alipita hapa akasema, "Mzee, hata ukiniambia kwa mdomo nitaifungua mwenyewe." Nikamwambia pampu haiponi kwa mdomo, ingekuwa hivyo ningekuwa tajiri.

Baba yako,
Daktari wa Pampu


Tarehe 22 Februari 1991

Kwa binti wa fundi,

Mimi ni mshona viatu, mwenye kibanda kilichoegemea ukuta wenu. Ndiye niliyekushonea viatu vya shule, vilevile, miaka mitatu. Natumaini siku hizi una vingine.

Nimekatazwa kukuandikia, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Mimi ndiye ninayemsomea baba yako barua zako. Anasema miwani yake imevunjika, nami katika ujirani wetu wote sijamwona na miwani. Anakuja na barua ndani ya shati kama aliyeiba kuku, anafunga mlango wa kibanda, ananiambia, "Soma polepole, na usitie ya kwako." Akimaliza kuandika yake ananighania yote kwa kichwa, nimwambie kama imekaa vizuri.

Aliponighania ile ya juzi, alipofika pale anapoapa kwamba mama yako hakuwa nyuma yake, nilijipiga nyundo kidoleni. Siku ile nilikuwa napeleka viatu kwa mwenye bustani. Nilikuta watu wameshajaa getini. Pikipiki imelala, baba yako amekaa chini ameshika kichwa, anawaambia watu, "Ni mimi, ni mimi niliyekuwa naendesha." Na mama yako wanamfunga mkono wa kulia kwa kitambaa. Mpaka leo mkono uko kwenye plasta. Ilivyotokea sikuona, nisije nikasema uongo. Lakini mama yako alikuwepo.

Ukinijibu, andika mambo ya viatu.

Mshona viatu


Tarehe 2 Machi 1991

Shikamoo Baba,

Najua barua hii unasomewa. Msomaji naomba asome yote, asiruke kwa huruma.

Nimejua kwamba mkono wa mama uko kwenye plasta. Nilimwandikia mara mbili, hakujibu, nikadhani amenuna. Kumbe ndio mkono wa kuandikia.

Umeapa kwa mikono yako, Baba. Mikono hiyohiyo iliyonishika vidole ikanionyesha jinsi tupa inavyotakiwa kwenda mbele bila kurudi. Hujawahi kuniapia kitu kwa mikono hiyo. Mara ya kwanza unaapa, unaapa uongo.

Nitakwambia jambo ambalo sijakwambia miaka tisa. Unakumbuka ile bolti ya kichwa cha injini ya yule mwalimu? Nilikuwa naikaza mimi, wewe umesimama nyuma yangu. Nikasema, Baba, imefika. Ukasema, kaza. Nikasema, naisikia mkononi, imefika. Ukasema, "Kaza, kati yetu hapa fundi ni nani?" Nikakaza, ikakatika ndani. Mwalimu alipokuja ukamwambia, "Msamehe, binti yangu ana mkono mzito." Watu wakasema niliondoka kwa hasira. Haikuwa hasira. Niliondoka kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeanza kusubiri sauti yako kabla ya kujiamini.

Sasa mabomba yako yako chini ya meza yangu. Kuyatengeneza naweza. Lakini nikikurudishia, nimekurudishia barabara, na mama mgongoni kwako. Anayeandika herufi kubwa kama sahani haoni geti. Huoni, Baba. Sema unavyotaka, huoni.

Sirudishi. Nikasirikie, lakini nikasirikie ukiwa mzima, na mama akiwa na mikono miwili.

Binti yako


Tarehe 9 Machi 1991

Mabomba ni yangu. Kaa nayo, yafanye fito za pazia.

Muuza chakavu ana mawili ya pikipiki kama yangu, na yeye haniulizi maswali. Shokapu nilikuwa nafunga kabla babu yako hajakubali posa yangu, na alikubali kwa sababu nilimfungia zake.

Sikuapa uongo. Siku utakayojua utakuja kuniomba radhi, na utanikuta nina shughuli.

Baba yako, asiyehitaji mtu


Tarehe 3 Aprili 1991

Mwanangu,

Barua hii imekaa kifuani siku tisa. Mshona viatu hajaisikia. Tumegombana, tumepatana, sasa ananishonea mkoba wa spana kama faini ya umbea wake.

Muuza chakavu alinipa mabomba mawili. Alisema yanang'aa kama meno ya mchumba. Mimi sikuona kama yanang'aa. Hapo umesema kweli, acha nilimalize jambo hilo tusilirudie. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki na tundu dogo, kama la kuchungulia mgeni mlangoni. Daktari wa macho alisema ni presha ya ndani ya jicho, kilichokwenda hakirudi, na matone anayonipa ni ya kulinda kilichobaki. Huu ni mwaka wa pili. Mama yako alijua, sasa na wewe unajua.

Lakini vidole havijazeeka. Nilizifungua shokapu zile uso nimeuelekeza ukutani, sikupoteza hata wosha moja. Na nilipotia kidole kwenye mdomo wa bomba lile la chakavu nikahisi upande mmoja mnene, upande mwingine mwembamba kama ganda la yai. Kuna mtu alilipiga tupa kuondoa mikwaruzo, kisha akalipaka rangi ya fedha. Nilijua palepale kwamba hili siku moja litakatika. Nikafunga hivyohivyo. Nilifunga kwa ubishi, ili nikuandikie kwamba nimefunga.

Siku ya pili yake mama yako alikuwa ametolewa plasta. Akatoka asubuhi amevaa vile viatu vyake vya kamba, nilimsikia anavyokanyaga. Akapanda, akashika usukani, akaubonyeza chini mara mbili, kama nilivyomfundisha. Akaniuliza, "Ziko sawa?"

Hapa ndipo utakapoelewa. Niliapa kwamba mama yako hakuwa nyuma yangu. Ni kweli hakuwa. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma yake.

Mwaka mzima sasa dereva ni mama yako. Nilimfundisha mwenyewe kwenye uwanja wa mpira, watu wakiwa bado wanapiga mswaki. Kila asubuhi ya kazi tunaisukuma pikipiki mpaka nyuma ya uwanja, huko ndiko anakopanda yeye mbele na mimi nyuma nimekumbatia sanduku la spana kama abiria wa mizigo. Tunapita njia za mashambani. Tukibakiza hatua mia kufika kwa mteja namwambia simama, tunabadilishana, naendesha mimi hizo mia kwa kukumbuka, ili mwenye shamba amwone fundi akija mbele ya mkewe. Ni mfupi, unamjua, chini anagusa kwa ncha za vidole. Ndiyo nikaishusha nyuma, ndiyo nikataka unisaidie kuishusha mbele. Anaendesha vizuri. Siyo kama mimi, lakini. Hapana. Anaendesha vizuri.

Siku ile ya nguzo alikataa kubadilishana. Alisema, "Hizo hatua zako mia ndizo zitakazotuzika, kaa hapohapo." Nikakasirika huko nyuma. Tulipokata kona ya bustani akapunguza mwendo. Akasema, "Geti naona kama wamelifunga nusu." Nikamwambia, "Geti lile nalijua mimi, tangu lini likafungwa nusu? Pita kushoto, kaza mwendo." Akasema, "Una hakika?" Nikasema, "Kati yetu hapa fundi ni nani?"

Sikuwa naona geti. Hata mgongo wake sikuwa nauona vizuri. Yeye geti alikuwa analiona kwa macho yake mawili mazima, lakini miaka arobaini ananisikiliza mimi. Akapita kushoto, akakaza mwendo, nguzo ikatupokea.

Watu walipokuja nikapiga kelele kwamba nilikuwa naendesha mimi. Wengine walisema mzee amemlinda mkewe. Sikumlinda. Niliona afadhali waseme fundi ameanguka kuliko waseme fundi hubebwa. Mama yako alisikia, akawaachia wamfunge mkono. Jioni nikamwambia, ukimwandikia mtoto usimweleze. Akasema, "Siandiki, nina plasta. Na hata ingekuwa sina, hilo ni lako la kusema, halinihusu."

Sasa aliponiuliza ziko sawa, mdomo wangu ulifunguka wenyewe kusema ndiyo. Nakwambia ulifunguka wenyewe. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Na nilijua akilisikia tu atapiga teke, ataondoka juu ya bomba lile, kwa sababu nimesema.

Nikamwambia shuka.

"Kwani kuna nini?"

"Shuka, mama watoto. Haziko sawa. Nilijua tangu nazifunga."

Akashuka. Hakunigombeza, ingekuwa heri. Alikaa kwenye ngazi, akafungua kamba za viatu, cha kwanza, halafu cha pili, akaingia ndani na soksi.

Ya chakavu nimeyavua nimemrudishia mwenyewe, nimemwambia asimuuzie mtu, nikisikia nitakuja na nyundo. Sasa nakuomba yale yangu. Siyaombi kwa ajili yangu. Mama yako anataka kuendesha. Juzi alimwambia mwenye bustani mbele yangu kwamba yeye ndiye aliyekuwa usukanini, na kwamba nguzo atailipa kwa mchicha, mwenye bustani akacheka mpaka akakohoa. Naye amenipa sharti lake. Kutoka mlangoni hadi tufike, mimi nikae kimya. Nikisema kulia, nikisema kushoto, anasimama palepale, ananishusha, narudi kwa miguu. Nimekubali.

Bolti ile ya mwalimu ilikuwa imefika. Mimi mwenyewe niliisikia ikifika, kwa masikio.

Baba yako


Tarehe 12 Aprili 1991

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeisoma nimesimama kando ya mashine, nikaisoma tena, mpaka msimamizi akaja kuuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni baba yangu amekubali kosa. Akasema basi nenda ukae, hilo ni kubwa kuliko msiba.

Naomba radhi. Uliapa kweli. Kwa ujanja wa sungura, lakini kweli.

Kwenye gunia kuna mabomba mapya. Lazima niseme na mimi langu. Nilikuwa nimeshayakereza wiki ileile niliyokuandikia kwamba sirudishi. Hapa tulibakiwa na bomba nene lenye kromu, la jeki za mashine ya kunyanyulia mizigo. Msimamizi akaniruhusu nilichukue. Nilifanya kazi kila watu wakienda kula. Nikaviringisha juu ya kioo, yakakimbia kimya. Halafu nikayafunga kwenye gazeti nikayaweka chini ya meza, nikawa nayapiga teke kila nikikaa. Sikujua nimeyatengeneza ya nini.

Bushi ni mpya, sili ni mpya, usizigonge kwa nyundo. Zipake oili uzisukume kwa kidole, zitaingia. Vijibomba vya ndani nimevikata kwa vidole vyangu, siyo vyako, maana vidole vyangu ni vya mama. Oili iwe sawa pande zote mbili. Pima kwa chupa ya dawa. Usiniambie unasikia kwa sikio kwamba imetosha.

Bolti za kishikio zikazwe mwisho kabisa, baada ya kubonyeza usukani mara nyingi, mabomba yatafute yenyewe mahali pao. Na akaze mama. Wewe simama mbele yake.

Mwambie avae koti zito.

Binti yako,
Mkereza


Tarehe 27 Aprili 1991

Mwanangu,

Tulifunga Jumamosi iliyopita. Oili nimepima kwa chupa ya dawa ya kikohozi, tone kwa tone, sikutumia sikio. Sili ziliingia kwa kidole kama ulivyosema, nusura nikasirike. Kucha nimeipitisha kwenye kromu kutoka juu mpaka chini haikukwama popote. Ningefanya vizuri zaidi kidogo. Kidogo sana.

Mama yako akakaza. Nilisimama mbele yake nimelibana gurudumu kwa magoti lisigeuke. Bolti ya mwisho ilipofika nikaisikia, nikafumba mdomo. Naye akaacha hapohapo. Akaniuliza, "Mbona umekunja uso?" Nikasema ni jua.

Jumatatu tukaenda kwa mwenye bustani. Hatukuisukuma mpaka uwanjani, alipandia mlangoni kwetu, mtaa mzima ukiangalia. Mshona viatu akatoka na kiatu cha mtu mkononi, akapiga kelele, "Mzee, leo umekuwa furushi!" Nikampungia mkono. Mmoja tu, wa pili ulikuwa umeshika koti la dereva.

Nilinyamaza. Muulize mama yako. Alikosea gia kwenye mteremko, nikang'ata ulimi. Tulipita penye mashimo, nikasubiri ule upande wa mbele ugonge kama zamani, haukugonga. Unazama, unarudi, kama mtu anayevuta pumzi. Hata hilo sikusema, ingawa lilikuwa la kusifu.

Halafu tukafika njia panda ya barabara kubwa, pale yanapopita malori. Akasimama. Miguu yake yote miwili ikagusa chini, nilisikia kokoto. Na kwa mazoea ya miaka yote akageuza kichwa akaniuliza, "Nipite?"

Njia panda ile naijua. Nilishaivuka mara elfu, nina hadithi sita za njia panda ile. Nilisikia mngurumo, labda lori linakuja, labda lilikuwa linakwenda, labda ni upepo kwenye mabati. Jibu lilikuwa limeshaamka, limeshasimama.

Nikamwambia, "Sijui."

Neno hilo hajalisikia kwangu tangu nimemuoa, nadhani na mama yangu mzazi alikufa hajalisikia. Kisha nikahisi mabega yake yakigeuka, kulia, kushoto, kulia tena, bila haraka yoyote. Akatia gia. Tukavuka.

Baba yako